Tende Mbili na Sekunde 3.8

BMW X5 M Competition na Mercedes-AMG GLE 63 S, magari mawili makubwa ya kifahari yaliyotambulishwa mwaka 2019, hayalingani ukifungua boneti. La kwanza lina injini ya lita 4.4 yenye silinda nane na turbo mbili, nguvu za farasi 625, nguvu ya mzunguko ya nyutoni-mita 750 na gia nane. La pili lina injini ya lita 4.0, nayo ya silinda nane na turbo mbili, nguvu za farasi 612, nyutoni-mita 850, gia tisa, na mota ndogo ya umeme ya kuisaidia injini. Hata hivyo watengenezaji wote wawili walitangaza tarakimu ile ile: kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa, sekunde 3.8. Mnunuzi anayepima magari kwa kuchomoka tu anaangukia swali ambalo wanafalsafa na wanazuoni wamelibishania kwa zaidi ya miaka 900. Je, mwenye akili anaweza kuchagua kati ya viwili vilivyo sawa, na akichagua, amechagua kwa sababu gani?

Usawa huo una chanzo chake barabarani. Gari la kilo 2,300 likifika kilomita 100 kwa saa linakuwa na nishati ya mwendo ya takriban kilojuli 890. Zigawe kwa sekunde 3.8 na wastani ni kilowati 230 na ushei, ilhali injini ya BMW inaweza kutoa 460 na ya Mercedes 450. Nusu nzima haionekani. Sehemu yake inapotea kwenye gia na katika kusukuma hewa, lakini nyingi haitumiki kabisa mwanzoni, kwa sababu mshiko wa tairi kwenye lami una kikomo. Mchapuko wa wastani hapa ni kama mita 7.3 kwa sekunde kwa sekunde, karibu robo tatu ya mvutano wa dunia, na mwanzoni huwa mkubwa zaidi ya hapo. Dereva akikanyaga mafuta hadi mwisho, injini inakuwa na ziada ambayo tairi haiwezi kuipokea, na kompyuta ya gari inaizuia ili magurudumu yasizunguke bure. Farasi 13 za ziada za BMW na nyutoni-mita 100 za ziada za Mercedes hazipati nafasi kubwa ya kujionyesha.

Tarakimu yenyewe nayo imekadiriwa. Sekunde 3.8 yaweza kuwa 3.76 au 3.84, na gari lililo kwenye kilomita 100 kwa saa hupita karibu mita 2.8 kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Majarida mengi ya magari ya Marekani, kwa upande wao, huanza kuhesabu muda baada ya gari kusogea futi moja, na husimamisha saa kwenye maili 60 kwa saa, yaani kilomita 96.6 kwa saa. Gari lile lile, dereva yule yule, jibu jingine. Kinacholingana kwa uhakika ni kilichoandikwa kwenye karatasi, na karatasi hiyo ndiyo mnunuzi anayoilinganisha.

Mwanazuoni Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilikabili swali la viwili vilivyo sawa katika kitabu chake Tahafut al-Falasifa. Wanafalsafa waliomfuata Ibn Sina walishikilia kwamba ulimwengu hauna mwanzo. Hoja yao mojawapo ilikuwa kwamba kabla ya kuumbwa chochote nyakati zote zinalingana, hakuna unaostahili zaidi kuliko mwingine. Basi kwa nini Mungu aumbe wakati huu na si ule? Ghazali alijibu kwamba hiyo ndiyo kazi ya irada, kukipambanua kitu na kilicho sawa nacho. Uwezo unaelekea pande zote mbili bila kupendelea, elimu inakijua kitu kama kilivyo, irada ndiyo inayokata shauri. Kisha akamleta mwanadamu: mtu mwenye hamu kubwa ya tende amewekewa tende mbili zisizotofautiana kwa lolote, wala hawezi kuzichukua zote. Hatakaa akizitazama milele, atachukua moja. Huko Ulaya jambo hilo likaja kusimuliwa kwa punda anayekufa njaa kati ya marundo mawili ya majani, likabandikwa jina la Jean Buridan wa Paris, ingawa punda huyo hamo katika maandishi yake yaliyobaki. Mfano wa Ghazali ni bora: punda anakufa kwa ajili ya nadharia, mtu anakula.

Ibn Rushd wa Cordoba (1126–1198) alimjibu katika kitabu chake Tahafut al-Tahafut. Alikubali kwamba mtu yule atachukua tende. Alichokataa ni kwamba amevipambanua viwili vilivyo sawa, kwa kuwa hakuwa akishindanisha tende hii na ile hata kidogo. Alikuwa akishindanisha kula na kutokula. Kila moja inatosha kwa haja yake, inashika nafasi ya mwenzake, na mkono unaishia popote.

Mwanafalsafa Leibniz alipita njia ya tatu. Katika kitabu chake cha mwaka 1710 kuhusu haki ya Mungu, alidai kwamba hali ya punda haiwezi kutokea, maana ulimwengu haukatiki katikati ukatoa nusu mbili zinazolingana kwa kila kitu. Kwa magari haya hoja yake ni nyepesi kuthibitishwa: gia nane si tisa, mlio si ule ule, fundi wa moja yuko karibu na wa jingine yuko mbali. Lakini aliyetangaza kwamba anachagua kwa kuchomoka, kisha akaamua kwa umbali wa fundi, ameliacha swali lake njiani.

Kwa binadamu, Ibn Rushd ndiye mwenye hoja. Kwa Muumba jibu lake halifiki, maana linategemea haja, na Mungu wa Ghazali hana njaa inayotoshelezwa. Hapo irada inabaki peke yake, na Ghazali anasimama imara. Mnunuzi ana haja, na haja hiyo ndiyo isiyoulizwa wakati watu wanabishania desimali. X5 hiyo hiyo katika toleo la xDrive40i la mwaka 2018, lenye silinda sita, hufika kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 5.5, na GLE 450 ndani ya 5.7. Kati ya 5.5 na 3.8 kuna tofauti halisi, nayo ina sababu za kuipima: bei, mafuta, tairi zinazoisha mapema, na usalama wa anayevuka barabara mbele ya gari linalochomoka hivyo. Tarakimu ya 3.8 haimpi mnunuzi sababu ya kuchukua BMW na kuacha Mercedes, wala kinyume chake. Sababu, kama anayo, ni ya kuchukua mojawapo badala ya gari la sekunde 5.5, na hiyo ndiyo anayopaswa kuieleza.