Dhiraa mia mbili za Petro



Kocha wangu ni kijana niliyembatiza mwenyewe katika mto Gucha. Sasa yeye ndiye anayenizamisha, kila Jumanne, kwenye kidimbwi cha hoteli moja hapa mjini Kisii. Nina miaka 52. Siku ya kwanza nilipiga miguu kama mtu anayepanda vilima vya Manga na gunia la majani chai mgongoni, nikafika katikati, nikang'ang'ania ukingo nikihema. Kijana akachuchumaa. "Mchungaji," akasema, "unakimbia ndani ya maji."

Ndilo tatizo letu watu wa vilima. Vifundo vya miguu vimekakamaa kwa kupanda na kushuka, na majini nyayo zinasimama kama jembe. Mguu hupigwa kuanzia nyongani, goti limelegea, vidole vimeelekea nyuma. Ila hilo ni dogo. Kubwa ni kichwa: mwoga hukiinua kutafuta hewa, na kikipanda, nyonga na miguu vinashuka, basi anaogelea mlimani.

Halafu pumzi. Nilikuwa naibana uso ukiwa ndani, kisha nikigeuka nataka kuitoa na kuvuta nyingine papo hapo. Nafasi haitoshi. Kocha akaniambia niimbe puani. Nikachagua wimbo mmoja kutoka Nyimbo za Kristo, nikauvumisha chini ya maji, mapovu yakatoka yenyewe. Nilipogeuza uso, sikio moja likiwa bado majini, kazi iliyobaki ilikuwa kuvuta tu. Jumanne ya sita nikavuka bila kusimama. Kina mama wanaofua mashuka ya hoteli wakapiga vigelegele. Mahubiri yangu hayajawahi kupigiwa.

Msinicheke. Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta naye alijifunzia kwenye kidimbwi cha hoteli, na miezi michache baadaye akaogelea mita 100 katika Olimpiki ya Sydney ya mwaka 2000. Alitumia dakika 1 na sekunde 52, mwendo wa pole kabisa, lakini alifika.

Wengine wameniuliza mchungaji anatafuta nini majini na kaptura. Nawajibu kwa Petro. Yule wa Mathayo 14 tunamhubiri kila mwaka: alitembea juu ya maji, akaogopa upepo, akaanza kuzama, akashikwa mkono. Yule wa Yohana 21 tunampita haraka. Amesikia kwamba aliye ufuoni ni Bwana, na mashua iko umbali wa dhiraa mia mbili, karibu mita 90, akajitupa ziwani. Andiko halitaji muujiza wowote katika safari yake, naye alikuwa mvuvi aliyeyajua maji. Tena alijifunga vazi kwanza, jambo ambalo kocha wangu angemfokea. Mimi nampenda zaidi huyu wa pili.

Na katika Matendo 27, Paulo ameahidiwa kwamba hapotei hata mmoja wa watu 276 waliomo merikebuni. Ilipokwama Malta, akida aliamuru wanaojua kuogelea watangulie kujitupa, wengine wafuate juu ya mbao. Ahadi ilitimia kwa mikono ya watu waliokuwa wamejifunza.

Nilisoma sura hiyo usiku wa mazishi fulani, sikulala. Kijana wa miaka 15 alizama katika shimo la kuchimbia udongo wa matofali, limejaa maji ya mvua. Watu wazima saba walisimama ukingoni, hakuna aliyejua kuogelea, wala aliyekuwa na kamba. Mimi ningekuwa wa nane. Kaburini nilisema yale maneno ya Ayubu tunayoyajua sote: "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa." Leo naona niliyasema upesi mno. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, nasi huku tunawaambia watoto "usiende mtoni" na kudhani tumemaliza.

Mwezi jana tulishuka Homa Bay. Ziwa Victoria halina ukingo wa kushika wala mstari wa kufuata chini. Nilipiga mikono mara kumi bila kutazama, nikajikuta naelekea Uganda. Kocha akanifundisha macho ya mamba: kila baada ya mikono sita inua macho tu juu ya maji, tafuta kilima cha Asego, rudisha uso, vuta hewa pembeni. Tulikwenda alfajiri kabla ya upepo, mvuvi mwenyeji akitufuata na mashua, maana anajua viboko walipo na magugu ya kuepuka. Kichocho nacho hakiheshimu mchungaji, kwa hiyo hospitali nilipita nikapimwa. Peke yako usiende, hata ukijua. Na ukimwona mtu anazama, usimrukie. Mrushie kamba, mti, au dumu tupu lililofungwa kizibo.

Wazee wa kanisa, kina baba mnaokaa kiti cha nyuma, kina mama mnaosema umri umepita: kila penye mashimo ya udongo wa matofali pawe na kamba na dumu kabla mvua za masika hazijaanza. Na Jumanne saa moja asubuhi tuko kidimbwini. Njoo na taulo.