NASAHA KWA WENYE KUOZA WAKATI WA MVUA

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kuteremsha mvua kwa kadiri aitakayo, na sala na salamu zimfikie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Watu wa pwani walioshika njia ya misafara ya kale, kutoka Bagamoyo hata Tabora na Ujiji, walichukua dini yao na desturi zao za arusi. Mbingu ya pwani hawakuweza kuichukua. Pwani ina mvua mbili, masika na vuli. Unyamwezini mvua ni msimu mmoja, huanza karibu na Novemba ikaendelea hata Aprili, kisha ni kiangazi. Basi mtu wa Tanga anayeoza Ziba, katika wilaya ya Igunga, akahesabu Januari kuwa ni kaskazi na jua kama kwao, amejidanganya nafsi yake.

Tena miezi yetu huenda kwa mwandamo, na kila mwaka hurudi nyuma siku kama 11 katika mwaka wa jua. Mfunguo Mosi wa mwaka 2010 uliingia Septemba, na uwanja wa Ziba ni mkavu. Wa mwaka 2024 uliingia Aprili, na mvua haijaondoka. Basi asemaye, "Baba alioa Mfunguo Mosi wala halikudondoka tone," hana hoja.

Na watu katika jambo hili hukosea kwa njia mbili.

Ya kwanza ni uzembe kuuita tawakkul. Mtu hualika kaumu nzima uwanjani pasipo kifuniko, akisema, "Mungu yupo." Mtume, S.A.W., alipoulizwa na mwenye ngamia kama amwache au amfunge, alimwamrisha amfunge kisha ategemee. Na Nabii Yusuf, A.S., aliweka akiba ya nafaka kabla ya miaka ya njaa, wala haikupungua imani yake.

Ya pili ni mbaya zaidi, nayo ni kumwendea mganga afunge mvua. Mtu husoma khutba ya ndoa mchana, na usiku amempelekea mganga mbuzi na fedha! Watemi wa Unyamwezi walidhaniwa na watu wao kuwa mvua imo mikononi mwao. Utawala wao uliondolewa mwaka 1963, na mvua ikaendelea kunya kwa amri ya Mola wake. Ama kusikiliza habari za Mamlaka ya Hali ya Hewa si kudai ghaibu. Ni kutazama dalili, kama nahodha atazamavyo wingu kabla ya kutweka tanga.

Njia iliyo sawa ni hii. Akdi na ifungwe msikitini, isingoje uwanja. Karamu iwekwe mahali palipoinuka, si penye udongo mweusi wa mbuga. Turubai lifungwe kwa mteremko ili maji yasikusanyike juu yake, na mifereji ichimbwe kandokando. Kuni na nafaka ziingizwe ndani mapema, na mahali pa wanawake, wazee na watoto pafunikwe kwanza. Wageni wa mbali wafike siku moja kabla, kwani udongo wa mbuga za Wembere ukilowa hushika magurudumu. Radi ikianza, watu waingie nyumbani, wasikimbilie chini ya mti mrefu. Na asiyeweza kukodi turubai asikope: apunguze wageni, wala asiwapunguze masikini, kwani Mtume, S.A.W., amekilaumu chakula cha walima wanachoitiwa matajiri wakaachwa mafakiri.

Na ikinya juu ya hayo yote, asiitukane mvua wala asiseme arusi ina kisirani. Jirani yake ana mahindi na mpunga shambani, naye ameiomba mvua hiyo kwa machozi. Je, chakula cha mwaka mzima cha watu kizuiwe kwa ajili ya pilau ya saa moja? Mvua ilipozidi Madina, Mtume, S.A.W., hakuomba iondoke duniani. Aliomba iwe pembezoni mwao, isiwe juu yao, inyee vilima na mabonde na mizizi ya miti. Hiyo ndiyo dua ya mwenye arusi. Na mgeni aliyezuiwa na mvua asiwekewe kinyongo, kwani usiku wa baridi na mvua mwadhini aliamrishwa awaambie watu wasali majumbani mwao. Ikiwa sala ya jamaa ina udhuru huo, karamu je?

Ndoa haitimii kwa ukavu wa uwanja. Hutimia kwa walii, mashahidi, mahari na ridhaa. Mwenyezi Mungu atujaalie kufunga ngamia wetu kisha kumtegemea Yeye, na aibariki mvua na arusi pamoja. Amin.