Mto Rufiji na Deni la Mwenye Lango

Je, kitu kimoja chaweza kuwa dhara na neema kwa pamoja? Anayejibu upesi kwamba hakiwezi, na autazame Mto Rufiji.

Mto huu huanzia Kilombero ikutanapo na Luwegu, hupokea maji ya Ruaha Mkuu, kisha huteremka hadi Bahari ya Hindi. Wakati wa masika maji hufurika kingo na kutandaa bondeni. Mpitaji huona mpunga uliosombwa na nyumba zilizobomoka. Lakini maji hayo huingia pia katika maziwa ya bondeni, kama vile Tagalala na Manze. Samaki huzaliana humo. Viboko, mamba na ndege hupata humo riziki ya kiangazi. Yakipwa, huacha tope lenye rutuba, na mkulima hupanda humo mahindi bila kungoja mvua. Kilimo hicho huitwa mlau. Mkulima huyalinda mazao akiwa juu ya dungu, kibanda chenye miguu mirefu, kwani nguruwe na viboko nao hudai fungu lao.

Ndiyo sababu, wananchi walipohamishiwa vijiji vya mwinuko baada ya mafuriko ya mwishoni mwa miaka ya 1960, wengi waliendelea kurudi bondeni kulima. Hatari waliijua, walijua pia kwamba imepanda mtumbwi mmoja na chakula chao.

Leo mto umewekewa lango. Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa maji Desemba 2022, limejengwa ili kutoa megawati 2,115 za umeme, na taifa linauhitaji umeme huo. Hata hivyo, Rufiji ilipofurika tena Aprili 2024, watu waliuliza: je, haya ni maji ya mvua au ya bwawa? Zamani swali hilo halikuwapo. Mto hauna nia. Ulipobomoa haukuhukumiwa, na ulipolisha haukudai shukrani. Binadamu ana nia. Akishika lango, ameshika pia dhamana ya samaki, ya kiboko na ya mkulima wa mlau, wote waliokuwa wakilishwa na mafuriko.

Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nasi tumekwisha kuvua. Kuyaoga ni kuyaachia maji ya kutosha yapite kwa msimu wake, na kumwarifu aliye bondeni kabla hayajamfikia. Hiyo si hisani kwa watu na wanyama wa Rufiji, ni deni.