Samaki Mpya Apewe Siku Zake

Wanangu mnaofuga samaki wa mapambo, nina neno moja kwenu, na mengine yote nitakayosema yanalitumikia hilo: samaki mpya haingii kwenye tangi la wenzake siku anayofika. Atengwe kwanza, kwenye tangi lake mwenyewe, kwa wiki nne. Atengwe hata kama amekula papo hapo na rangi zake zinawaka. Atengwe hata kama aliyekuuzia ni rafiki yako wa miaka mingi na humshuku kwa lolote.

Mnaniambia, "Babu, mimi nimemkagua vizuri dukani." Sawa, na kukagua ni wajibu wako. Usinunue samaki aliyekunja mapezi, anayejikwaruza kwenye mawe, anayehema juu ya maji, wala anayetoka kwenye tangi lenye mfu. Lakini ukaguzi unakupa habari za leo tu. Ugonjwa wa samaki una kalenda yake, na kalenda hiyo haisomeki kwa jicho.

Chukueni ugonjwa wa madoa meupe, ambao kila mfugaji atakutana nao. Kimelea chake, Ichthyophthirius multifiliis, hujichimbia chini ya ngozi na ndani ya matamvua, kikala na kunenepa, ndipo unapoona kidoa. Kikikomaa huanguka sakafuni, hujifunika ganda, na ndani ya ganda hugawanyika na kutoa mamia ya watoto. Watoto hao hutoka wakiogelea kutafuta samaki, na muda wao ni siku moja au mbili; wasipompata, wanakufa. Dawa huwapata hapo tu, wakiwa njiani. Kilicho chini ya ngozi kimejikinga, na kilicho ndani ya ganda kimejikinga. Sasa fikiria samaki uliyemnunua Jumamosi akiwa hana doa hata moja. Anaweza kuwa amebeba viwili vitatu ndani ya matamvua, ambako huoni. Vinaanguka, hakuna anayejua. Baada ya siku chache vinarudi kwa mamia. Ziwani watoto hao wengi hupotea na maji. Ndani ya vioo vinne, kila mmoja anampata mtu wake.

Joto la maji ndilo linaloendesha kalenda hiyo. Kwenye digrii 24 hadi 26 mzunguko wote huisha ndani ya wiki moja au chini yake. Maji yakipoa unarefuka, mpaka wiki kadhaa. Kwa hiyo kijana wa Dar es Salaam au Mombasa, ambaye maji yake yana joto bila hata hita, ataona mapema kilichokuja na samaki wake. Kijana wa Nairobi, Arusha au Njombe, mwezi wa Julai, tangi halina hita, anaweza kukaa wiki tatu akiona kila kitu shwari huku kimelea kinajivuta polepole sakafuni. Huyo asihesabu wiki nne. Ahesabu sita, au bora aweke hita ili siku zake ziwe na maana.

Lingine ambalo wanunuzi wengi hawalijui: katika maduka mengi matangi hayajitegemei. Maji ya safu nzima huzunguka kupitia filta moja kubwa nyuma ya ukuta. Samaki wako ametoka kwenye tangi safi, lakini kwa wiki nzima alikuwa anakunywa maji ya tangi la pembeni, lenye samaki walioshuka juzi uwanja wa ndege wakitoka nchi nyingine. Muuzaji hana hila hapo. Biashara yake imejengwa hivyo, naye hawezi kukupa hakikisho ambalo mwenyewe hana.

Watu wa mwambao walilijua jambo hili kwa upande wa binadamu. Kisiwa cha Changuu, mbele ya Mji Mkongwe wa Unguja, kilijengewa gereza miaka ya 1890, lakini kikaishia kuwa kituo cha karantini kwa hofu ya homa ya manjano. Abiria wa meli aliyeshushwa pale akiwa mzima alikaa mpaka siku zake ziishe. Hakuwa anaadhibiwa. Ng'ambo ya maji kulikuwa na mji wa watu waliobanana vichochoroni, ambao wasingekuwa na pa kwenda ugonjwa ukishaingia. Samaki ulionao nyumbani ndio mji huo. Umewafungia wewe, kwa hiari yako, na wao hawakuulizwa. Ndiyo maana nasema deni la kwanza ni lao, kabla ya furaha yako ya kuona rangi mpya.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, tunasema. Kwa samaki, jembe lingoje.

Tangi la kutengea halihitaji fahari. Lita 40 zinawatosha samaki wadogo wachache, na beseni kubwa la plastiki lenye mfuniko linafaa pia, mradi halijawahi kuona sabuni wala dawa ya kuua wadudu. Usitie changarawe. Sakafu tupu inakuonyesha kinyesi, minyoo na chakula kilichobaki. Weka vipande vya bomba vya mafundi ili samaki apate pa kujificha, maana asiye na maficho anaishi kwa hofu, na hofu hudhoofisha kinga ya mwili. Wavu wake, ndoo yake na mpira wake wa kunyonyea maji viwe vyake peke yake, visigeuzwe kwenda tangi kubwa hata kwa dakika moja.

Kwenye filta ndipo vijana wengi wanapokwama. Wananunua tangi leo, filta leo, samaki leo. Samaki hutoa amonia kwa matamvua na kwa kinyesi, na amonia ni sumu. Wanaoigeuza isiwe na madhara ni bakteria wanaoishi ndani ya filta, nao huchukua wiki kadhaa kuzaliana vya kutosha. Nimeona samaki wengi wakifa karantini kwa maji mabaya, halafu lawama ikamwangukia muuzaji au karantini yenyewe. Dawa yake ni rahisi: weka sponji moja ya ziada ndani ya tangi kubwa siku zote, hata kama huna mpango wa kununua. Siku ya mgeni, ihamishie kwenye tangi lake, uiunganishe na pampu ya hewa, na filta iliyokomaa unayo tayari. Pima amonia kila siku wiki ya kwanza, badilisha maji inapoonekana. Maji ya bomba yaondolewe klorini kwanza. Na umeme wetu mnaujua. Pampu ndogo ya betri iwepo karibu, kwa sababu sponji isiyopita hewa nayo hufa.

Siku ya kuwasili ina hatari yake. Ndani ya mfuko uliofungwa saa nyingi, kaboni dioksidi ya pumzi ya samaki huyafanya maji kuwa na asidi, na asidi hiyo huipunguzia amonia ukali. Ukifungua mfuko, kaboni inatoka, asidi inapungua, na amonia ileile inakuwa kali ghafla. Kwa hiyo aliyesafiri siku nzima usimwache kwenye mfuko uliofunguka ukimdondoshea maji kidogo kidogo saa nzima. Acha mfuko uliofungwa uelee juu ya maji ya tangi dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane, kisha fungua, mkinge kwa wavu, mtie mara moja. Maji ya tangi yawe yameandaliwa kumfaa tangu jana yake. Maji ya mfuko yamwage kwenye udongo. Yasiingie tangini, wala mtaro unaokwenda mtoni.

Hapo nataka niseme kidogo juu ya samaki wetu wa Ziwa Tanganyika, maana wanatafutwa duniani kote na sisi tunaishi nao karibu. Wale wa jamii ya Tropheus, walamwani wa miambani, huugua tumbo wakishtuliwa na safari au wakilishwa vyakula vizito vya nyama. Tumbo linavimba, kinyesi kinakuwa cheupe kama uzi, samaki anatema chakula. Ndani ya tangi kubwa la miamba huwezi kumwona anayetema chakula kati ya ishirini. Kwenye sakafu tupu unamwona siku ileile. Maji yao yawe magumu, pH karibu na 9 kama ziwani, na chakula kiwe cha mimea. Wanunue kundi zima pamoja na uwatenge pamoja, kwa sababu wao huishi kwa kundi, na anayeongezwa baadaye peke yake hupigwa.

Wenye mabwawa ya koi wana sababu nzito zaidi. Virusi vya hepesi vya koi vilitambuliwa mwaka 1998, Israeli na Marekani, na mpaka leo ugonjwa huo hauna tiba. Huzuka maji yakiwa vuguvugu, takriban digrii 16 hadi 25 au zaidi kidogo. Kwenye maji ya baridi vinalala. Aliyepona anaweza kubaki mbebaji. Koi atengwe kwenye maji ya digrii 24 hivi, siku 30, ili kama kipo kitu kijitokeze kule, si bwawani kwako.

Kuhusu dawa, nitasema ninavyoamini, ingawa wapo wafugaji wazuri wasiokubaliana nami: usimtibu samaki asiye na dalili. Kumnywesha mgeni dawa tatu tangu siku ya kwanza kunamchosha, na kunaweza kuua bakteria wa sponji yako. Mwache ale, apumzike, umtazame. Ukiona madoa, chumvi ya kawaida gramu 1 hadi 3 kwa lita, ikipandishwa taratibu, husaidia samaki wengi wa maji yasiyo ya chumvi. Kambare wadogo wasio na magamba hawaivumilii vizuri. Endelea kwa siku kadhaa baada ya doa la mwisho kupotea, kwa sababu mmeshasikia habari za ganda. Ukiona nyuzi nyekundu zikichungulia kwenye tundu la haja la gapi au moli, hiyo ni minyoo ya Camallanus, na levamisoli, ileile ya mbuzi, huiweza. Kipimo muulize daktari wa mifugo. Minyoo ikishatoka, nyonya sakafu yote. Na kila ugonjwa ukitokea, hesabu ya wiki nne inaanza upya baada ya kupona. Ukiongeza mgeni mwingine humo, pia inaanza upya.

Kila siku hudumia tangi kubwa kwanza, la mgeni mwisho, kisha nawa mikono mpaka kwenye viwiko. Mwenye kidonda mkononi asitumbukize mkono. Ipo bakteria ya samaki, Mycobacterium marinum, ndugu wa kifua kikuu, inayoweza kuingia kwenye mchubuko na kuleta uvimbe mgumu usiopona kwa wiki nyingi. Ukiupata, mwambie daktari waziwazi kwamba unafuga samaki, maana asipojua hilo atahangaika. Karantini haiwezi kuibaini bakteria hiyo kila mara; hiyo ni mipaka yake na ni vizuri muijue. Mimea na konokono nao watengwe, wiki mbili au tatu, mahali pasipo na samaki yeyote.

Wiki mbili za mwisho, fanyeni jambo ambalo wengi husita kulifanya kwa huruma. Mchukue samaki mmoja wa tangi kubwa, mzima na mwenye nguvu, umweke pamoja na wageni. Mgeni anaweza kuwa na kinga ya ugonjwa anaoubeba, asionyeshe chochote, na wenyeji wako wasiwe na kinga hiyo. Huyo mmoja atakuambia. Najua inauma kumchagua. Lakini kumchagua mmoja, ukiwa unamtazama kila asubuhi na dawa iko karibu, ni uangalizi. Kuwaweka wote hatarini kwa mkupuo si huruma.

Siku zikitimia, hamisha jioni, taa zikiwa zimezimwa. Walishe wenyeji kwanza. Kama ni samaki wenye kugombania maeneo, sogeza mawe kabla, ili kila mmoja aanze kutafuta pake upya na mgeni asiwe adui wa wote. Maji ya karantini yasihame naye. Kama hapakuwa na ugonjwa wowote, sponji irudi kwenye tangi kubwa ingojee mgeni mwingine. Kama ulikuwepo, itupe, osha tangi na wavu, viache vikauke kabisa juani kwa siku kadhaa, na sponji mpya uitumbukize tangi kubwa jioni hiyohiyo, usingoje siku utakayonunua samaki.