Uzuri wa Chombo cha Vita

Je, msomaji, yafaa mtu kuupenda uzuri wa chombo kilichoundwa ili kuua? Itazame sanamu ya Spitfire, ndege ya vita ya Uingereza, iliyopunguzwa mara 72. Mabawa yaliyozidi mita 11 toka ncha hata ncha sasa hayafiki sentimita 16. Mwundaji huunga vipande kwa gundi, husugua maungio kwa msasa, kisha hupaka mgongoni rangi ya kijani na ya udongo. Rangi hizo hazikuwa pambo. Zilikusudiwa kuificha ndege machoni pa adui arukaye juu yake. Mwaka 1940 ndege hiyo ilichukua bunduki nane za rashasha, na katika vita vya angani vya mwaka huo watu wa upande wa Uingereza waliokufa katika ndege zao za kivita walizidi 500.

Wengine husema hiki ni kitu cha kuchezea tu. Hapana shaka, kusifu ustadi si dhambi. Dhambi ni kuvipunguza vita pamoja na ndege. Bawa hupunguzika, kifo hakipunguziki. Basi mkono upakao rangi na ujifunze subira, na moyo ukumbuke rangi hiyo ilipakwa kwa nini.