Njia ya Pori: Nani Ana Haki ya Kuifunga?

Siku moja nilikuwa nafundisha somo la uraia katika darasa la mwisho la sekondari. Tulikuwa tunasoma Katiba ya tarehe 18 mwezi wa 2, 2006. Tulipofika kwenye kifungu cha 30, kile kinachosema kwamba mtu aliye katika nchi yetu ana haki ya kutembea kwa uhuru, kijana mmoja wa nyuma akainua mkono. Baba yake ni mwindaji. Akasema: «Mwalimu, wanasema pori ni ya Leta. Tena wanasema Leta ni sisi wananchi. Sasa juu ya nini bariere inafunga paka siye?»

Darasa lote likacheka. Mimi sikucheka, maana sikuwa na jibu. Nilimwambia nitamjibu wiki ijayo. Wiki zimepita nyingi, na jibu langu ndilo hili ninaloandika hapa.

Wandugu wasomaji, tuangalie kwanza mambo yenyewe. Barabara ya kitaifa namba 4 inatoka upande wa Kisangani, inapita Bafwasende, Nia-Nia, Epulu na Mambasa, kisha inakwenda Komanda na Beni. Kipande chake kirefu kinapasua katikati Hifadhi ya Wanyama ya Okapi. Hifadhi hiyo iliundwa tarehe 2 mwezi wa 5, 1992, na ukubwa wake ni karibu kilometa mraba 13.700. UNESCO iliiandika kati ya urithi wa dunia mwaka 1996, na mwaka uliofuata ikaiweka kati ya urithi ulio hatarini. Haiko kama parke ambamo watu wote wametolewa. Ndani yake wanaishi Bambuti, Babila, Bandaka, Babudu, Balese, na wageni wengi waliokuja kutafuta maisha. Kuna sehemu ya katikati ambako kuwinda kumekatazwa kabisa, na sehemu nyingine ambako uwindaji wa asili unakubaliwa.

Wakati wa vita, barabara hiyo ilikuwa matope matupu. Tunawakumbuka vijana kumba-kumba waliosukuma baisikeli zenye mizigo siku nyingi mpaka Kisangani. Mwishoni mwa miaka ya 2000 barabara ilitengenezwa, na sote tulishukuru. Lakini mahali gari linapopita, ndipo na mnunuzi wa nyama anapopita, na mwenye waya wa mitego, na mwenye kutafuta pembe, na mwenye kutafuta dhahabu. Ndiyo maana ukaja mpango wa kufunga barabara usiku ndani ya Hifadhi, na magari yalipe peaje. Kamati ya Urithi wa Dunia yenyewe iliweka jambo hilo kati ya yale iliyoiomba Leta yetu kuyafanya.

Je, kufunga kule ni haki? Nisikilize pande zote mbili.

Anayefunga ana sababu. Mboloko ni mnyama mdogo, uzito wake kilo nne au tano, na anazaa mtoto mmoja kwa mara moja. Wavu wa Bambuti unachukua wachache, kisha watu wanakula. Lakini waya wa chuma haulali wala haushibi. Unamshika mboloko, unamshika nguruwe wa pori, unamshika na okapi, ambaye hakuna nchi nyingine duniani anakoishi porini isipokuwa Kongo. Na usiku ndiyo saa ya yule asiyetaka mzigo wake uonekane. Katiba ile ile inayotupa uhuru wa kutembea inasema pia, katika kifungu cha 53, kwamba kila mtu ana haki ya kuishi mahali penye mazingira mazuri, na ana lazima ya kuyalinda. Basi kufunga njia si dhambi kwenyewe.

Lakini anayefungiwa naye ana sababu. Wakati wa Wabelgiji, mababu zetu wengi walitolewa ndani ya pori, wakawekwa kando ya barabara ili waitengeneze na ili wahesabiwe vizuri. Barabara haikuwa wazo lao. Baadaye, sheria ya tarehe 20 mwezi wa 7, 1973 ikasema udongo wote ni wa Leta, na kodi ya misitu ya mwaka 2002 ikasema misitu pia ni ya Leta. Wajukuu wa wale waliosukumwa barabarani sasa wanaambiwa hata barabara imefungwa. Tusishangae wakiuliza.

Nitatoa ushuhuda mmoja. Jioni moja nilifika kwenye bariere moja, jina lake naliacha, nikiwa juu ya moto. Kamba ilikuwa imeshashuka. Pembeni alikaa mzee mmoja Mumbuti na mama yake wa nyumba, wavu begani, mboloko wawili ndani ya kikapu. Kambi yao ilikuwa ng'ambo, mwendo wa nusu saa kwa mguu. Waliambiwa nyama ibaki mpaka asubuhi, mkubwa aje aione. Tukakaa pamoja kando ya moto wa kuni. Usiku ikafika kamyo ya mbao. Msaidizi wa dereva akashuka, akasema na mwenye kamba kidogo pembeni, kamba ikapanda, kamyo ikapita. Nilimwangalia mzee. Akaniambia kwa sauti ya chini: «Baba mwalimu, ile kamba iko na macho. Inaona mufuko.» Asubuhi, mkubwa alipofika, mboloko ndani ya kikapu alikuwa mmoja.

Tangu usiku ule nimejua kwamba swali la kijana wangu halikuhusu pori peke yake. Lilihusu ile kamba: inamfunga nani, inamwacha nani.

Hapo ndipo mila zetu zina neno la kusema. Watu wengi hufikiri kwamba mababu waliwinda popote na siku yoyote, na kwamba kufunga pori kumeletwa na Wazungu. Si kweli. Mababu walijua kufunga. Nitaje namna tatu.

Ya kwanza ni nkumbi. Wakati vijana wako katika kambi ya tohara, njia zinazoelekea kule zilikatazwa kwa wanawake na kwa wasioingizwa. Hakuna aliyeuliza kwa nini, maana kila mtu alijua sababu, na alijua kwamba nkumbi ina mwisho.

Ya pili ni desturi ya mipaka. Kila kundi la Bambuti lilikuwa na sehemu yake ya kuwindia, kutoka barabarani kuingia ndani kabisa. Wengine waliweza kupita na hata kuwinda kule, lakini kwa kujulisha na kwa undugu. Pori lilikuwa wazi kwa mtu anayejulikana.

Ya tatu ndiyo inayonigusa zaidi, nayo haina hata jina la kufunga. Nyama zikianza kupungua karibu na kambi, kambi inahama. Watu wanaacha vibanda vyao vya majani, wanabeba moto na nyavu, wanakwenda mbali. Pale walipotoka panapumzika. Hakuna kamba, hakuna mlinzi. Aliyefunga pale amejifungia mwenyewe kwanza, kwa miguu yake.

Nikizitazama namna hizo tatu pamoja, naona masharti matatu ya kufunga kwa haki. Kwanza, anayefunga awe naye amefungwa. Pili, siku au sababu ya kufungua ijulikane na wote. Tatu, yule atakayepoteza awe ameulizwa. Wazee walisema: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu uchungu. Bariere nayo ni hivyo. Aliye upande wa kushika kamba huiona tamu.

Mfano wa kufunga bila masharti hayo hauko mbali. Kule Kivu ya Kusini, Parke ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970, na katika miaka iliyofuata Batwa wakatolewa katika pori lao, bila siku ya kufunguliwa. Mwaka 2018 baadhi yao walirudi kwa nguvu, na damu ikamwagika, ya Batwa na ya walinzi. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ilitangaza uamuzi wake kwamba Leta ilivunja haki zao. Miaka karibu hamsini ya kamba haikuwafanya watu wasahau njia yao.

Na walinzi wenyewe? Tusiwatukane wote. Tarehe 24 mwezi wa 6, 2012, Mai-Mai walivamia kituo cha Epulu, wakaua watu, na okapi wote 14 waliokuwa wanatunzwa pale wakafa. Mlinzi anayesimama barabarani anajua kwamba kamba yake haizuii risasi. Lakini ndiyo sababu anahitaji wanakijiji wawe upande wake, na mzee niliyelala naye kando ya moto hakuwa tena upande wake asubuhi ile.

Kuna atakayesema: «Mwalimu, mila za kuhama kambi zilikuwa za watu wachache wenye pori kubwa. Leo watu ni wengi, kuna bunduki, kuna moto, kuna soko.» Ni kweli, nakubali. Tayari katika miaka ya 1970 wafanyabiashara wa nyama walikuwa wanaingia mpaka ndani ya kambi. Tena na mimi simo nje ya soko hilo. Masomo ya msingi yalitangazwa kuwa ya bure mwaka 2019, lakini sekondari wazazi bado wanalipa. Baba wa kijana wangu analipa na nini? Na nyama ya pori. Sehemu ya chumvi na sabuni ya nyumba yangu imetoka katika mitego ambayo ninaikataza darasani. Siwezi kumfungia mtu njia ninayokulia mimi mwenyewe, kisha nikajiita mtetezi wa okapi.

Kwa hiyo sisemi turudi zamani. Nasema tuchukue masharti ya zamani, tuyaweke juu ya vitu vya leo. Kamyo ya mbao na mashine ya dhahabu zisimame mbele ya kamba kama mwenye wavu. Miezi ya kufunga uwindaji, ambayo sheria ya tarehe 28 mwezi wa 5, 1982 inaijua vizuri, itangazwe mapema katika barza ya kila chefu, kwa lugha tunayoisikia wote, si kwenye karatasi iliyobandikwa ofisini. Na Bambuti wakae katika barza hiyo wakiwa wenye neno, maana sheria ya mwaka 2022 juu ya haki zao imeshawatambua.

Kijana wangu alishamaliza masomo, lakini jibu lake ni deni. Ndiyo, mwanangu, pori linaweza kufungwa, na wewe pamoja na baba yako mnaweza kufungiwa, bila kuonewa. Ila siku hiyo uangalie kamba vizuri. Ukiona inamfunga na yule anayeishika, itii. Ukiona inakufunga wewe tu, uliza tena kama ulivyouliza darasani, kwa sauti, wenzako wakicheka au wasicheke.