Alhamdulillah Niliyomwambia Daktari

Mwaka wangu wa pili hapa Kampala nilianza kupitwa na Alfajiri. Si siku moja moja, bali karibu kila siku. Mwenzangu wa chumba, binti wa Masaka, mwema mno, aliniamsha kwa wiki nzima kisha akachoka. Akaniambia kwa upole nizidishe istighfari, kwa kuwa uzito wa sala huanzia moyoni. Nikazidisha. Lakini nilikuwa nalala na sweta ilhali wenzangu wamefungua madirisha. Kitana kilijaa nywele. Nikipanda kilima cha Kibuli kwa sala ya Ijumaa nilipumzika njiani mara mbili, na wazee wakanipita.

Nilikwenda zahanati. Daktari akaagiza kipimo cha malaria, hamna; akaagiza cha taifodi, akanipa dawa ya wiki moja. Kwa hilo simlaumu. Katika mji huu mtu akisema amechoka, malaria ndiyo inayotangulia kufikiriwa, na mara nyingi ndiyo kweli. Safari ya pili akasema ni mawazo ya mitihani. Ya tatu akakuta damu imepungua, akaniandikia vidonge vya madini ya chuma. Wala hakuuliza damu inakwenda wapi.

Khalati yangu wa Mombasa ndiye aliyeijua hali yangu, tena kwa simu, kwa kusikia tu sauti yangu ilivyokuwa nzito. Yeye mwenyewe anaumwa tezi ya thairoidi, ile iliyo mbele ya shingo chini ya kikoromeo, yenye umbo la kipepeo. Ikilegea, mwili mzima hupunguza mwendo: moyo, tumbo, ngozi, hata fikra. Nilipomwomba daktari kipimo chake, alicheka. "Nyabo, nyinyi wanafunzi mnasoma kwenye intaneti halafu mnakuja kutufundisha kazi." Nikajilipia mwenyewe kwenye maabara ya mjini, pesa ya chakula ikaenda. Kiwango cha TSH, homoni ambayo ubongo huitoa kuisukuma tezi ifanye kazi, kilikuwa juu sana. Ubongo ulikuwa unapiga kelele na tezi haiitiki.

Aliniandikia levothairoksini ya maikrogramu 25 kwa siku, kiasi kidogo cha kuanzia, bila tarehe ya kurudi. Miezi minne nikaimeza. Sikuona tofauti. Nilirudi mara mbili kumwomba anipime tena, na mara ya pili akaniambia: "Ugonjwa umejulikana, dawa unayo. Sasa subiri. Nyinyi Waislamu si mnaijua subira?"

Neno hilo nilitoka nalo, na nimekaa nalo muda mrefu kuliko nilivyokaa na hasira zake. Kwani nilishawahi kujiuliza mwenyewe: huku kurudi, kuomba kipimo, kubishana na mtu aliyesoma kunizidi, si upungufu wa subira? Mbona nisinyamaze nikamwachia Mwenyezi Mungu?

Mabedui walimuuliza Mtume (s.a.w.) kama wajitibu, naye akawaambia wajitibu, kwa kuwa Allah hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa. Hapo suala la kutafuta tiba linakwisha. Lililonisumbua ni la kusema. Mtu anayesema "naumwa, na dawa uliyonipa hainisaidii" analalamika, au anatoa habari? Imam Bukhari, katika kitabu cha wagonjwa ndani ya Sahihi yake, ameweka mlango mzima kuhusu ruhusa ya mgonjwa kusema kwamba anaumwa, na humo imo habari ya Bibi Aisha kulalamikia kichwa chake, na Mtume naye akataja cha kwake. Mlango huo niliusoma nikacheka, kisha nikaona haya.

Niliona haya kwa sababu mimi sikuwa nimesema. Kila nilipoingia kwa daktari aliniuliza hali, nami nikajibu kama nilivyolelewa: alhamdulillah, niko sawa. Kisha ndiyo nikataja uchovu, kwa sauti ndogo, kama anayeomba radhi. Hedhi iliyokuwa ikinimaliza siku tisa sikuitaja kabisa. Yeye mwanamume, na mlango wa chumba chake haukufungika vizuri. Na hiyo ndiyo iliyokuwa ikipunguza damu, nayo pia ni dalili ya tezi iliyolegea. Bibi Aisha aliwasifu wanawake wa Ansari kwamba haya haikuwazuia kuifahamu dini yao. Umm Sulaym alimuuliza Mtume jambo la siri kuliko langu.

Simtoi daktari hatiani. Iko hadithi inayomtwika dhamana mtu anayetibu bila kujulikana kuwa na elimu ya tiba, na najua huyu ana elimu na cheti kiko ukutani. Lakini mimi naona kutouliza ni aina ya ujinga ambao cheti hakiuondoi. Kadhi aliyehitimu, akihukumu bila kumsikiliza shahidi, elimu yake imemfaa nini mdai? Hata hivyo shahidi naye ana wajibu wake, nao ni kutoficha. Mimi nilificha nusu ya ushahidi nikaiita adabu. Kumshukuru Allah ni haki yake katika kila hali. Kuitumia shukrani hiyo kama pazia mbele ya mtu anayetaka kujua mwili wako una nini, hilo ni jambo jingine.

Mwezi wa tano nilihamia kwa daktari mwingine, mama mtu mzima, ng'ambo ya pili ya mji. Swali lake la kwanza halikuwa la majibu ya maabara. "Hiki kidonge unakimeza saa ngapi, na nini?" Nikamwambia: asubuhi, kwa chai ya maziwa, pamoja na vidonge vya damu. Akaweka kalamu chini. Kumbe levothairoksini hutaka tumbo tupu, maji matupu, na kungoja nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula. Madini ya chuma huishika tumboni isiingie mwilini, na hutakiwa kuachana nayo kama saa nne. Miezi minne nilikuwa namwaga dawa. Swali moja lingetosha, au sentensi moja kutoka kwangu.

Ugonjwa wenyewe si wa kushinda watu. Mwaka 1891, mjini Newcastle, Uingereza, daktari George Murray alimdunga mwanamke wa miaka 46 maji ya tezi ya kondoo (kondoo!), na mama huyo akaishi miaka 28 zaidi. Leo kidonge chake kimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Yule mama alirekebisha saa, akaongeza kiasi, akanipima tena baada ya wiki nane, akaongeza tena kidogo. Baridi ndiyo iliyoondoka kwanza. Kuhusu Alfajiri, nimeikumbuka ile dua ambayo Mtume alikuwa akijikinga kwa Allah na kutoweza, na uvivu. Ni vitu viwili, vimetajwa mbalimbali. Mwaka mzima mimi na mwenzangu wa chumba tulikuwa tunaviita kwa jina moja.

Ramadhani ilipokaribia nilirudi kuuliza, maana tumbo tupu na daku havipatani. Akasema niamke mapema, nimeze kidonge kwa maji, nikae karibu saa moja, ndipo nile. Hivyo saa tisa na nusu usiku niko macho, nimeegemea ukuta, nangoja. Ikifika saa kumi na nusu namwamsha binti wa Masaka, naye ananiomba dakika tano zaidi.